Jumla na Rejareja

Siku ya arobaini ya mzee mmoja, jirani yetu pale Namtumbo, mjukuu wake aliniita nje ya turubai akaniuliza, "Dada, ile sauti ya babu mliyoirekodi mwaka ule bado mnayo? Tunataka watoto waisikie." Nikajibu ipo, kabla sijafikiri. Nikatoa simu, nikasogea chini ya mwembe ambako mtandao hushika vizuri, nikaandika anwani ya tovuti yetu. Ukurasa ulifunguka haraka kuliko ulivyowahi kufunguka enzi za uhai wake. Ulikuwa na picha za karata na gurudumu la bahati nasibu, na maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu Namtumbo anayeisoma.

Jina la tovuti lilikuwa limeisha muda, hakuna aliyelilipia, na mtu wa mbali akalinunua akaweka kamari. Seva ilimokaa sauti ya mzee ilikuwa imefungwa siku nyingi. Zilikuwa dakika 40 za mtu akieleza jinsi tumbaku ya moshi inavyokaushwa kwenye bani, kuni zipi zinafaa na zipi zinaharibu jani, na yale aliyosimuliwa na baba yake kuhusu njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Sasa hapo ni mahali pa kubeti.

Nilimwambia yule kijana kwamba mtandao unasumbua. Ulikuwa uongo. Nikarudi nikakaa, nikala pilau yao.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe. Nilikuwepo kwenye kikao kilichochagua mfumo wa ile tovuti. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nimerudi likizo, na nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Fundi alikuja na laptopu na projekta, akasema atatujengea mfumo tangu mwanzo, kwa mikono yake, "mfumo wetu wenyewe, si wa kuazima." Maneno hayo yalitukosha. Hakuna aliyeuliza: wewe ukiondoka, nani mwingine anajua unavyofanya kazi? Alilipwa haki yake, akapata kazi kwingine, akabadilisha namba. Nenosiri la seva alikuwa nalo yeye. Fedha za mradi zilipoisha hatukuwa hata na mlango wa kuingilia tukachukue mali yetu.

Leo niko shahada ya uzamili, na mjadala ule ule naukuta kila ninapokwenda. Kila muhula kuna kikundi cha vijana kinachotaka kuanzisha tovuti ambayo watu watatuma vitu vyao: simulizi za wazee, mashairi, mapishi, maneno ya Kindendeule na Kingoni yanayopotea, picha za harusi za zamani. Swali la kwanza kikaoni huwa moja. Tutumie mfumo gani? WordPress au Drupal? Joomla bado ipo? Tujenge wenyewe? Na swali hilo hujibiwa kama watu wanavyojibu swali la simu gani ni kali: kwa umbo, kwa kasi, kwa jina. Saa mbili zinaisha, soda zinaisha, na hakuna aliyetaja mtu hata mmoja atakayekaa na huo mfumo.

Msimamo wangu ni huu. Mfumo unaofaa ni ule ambao mtu atakayebaki pale anaweza kuuendesha kwa kifaa alichonacho, na ambao siku ukifa unakuachia kila ulichoweka ndani yake. Ipo mitihani hiyo miwili tu. Mfumo usiofaulu yote miwili, hata ungekuwa umeshinda tuzo gani, usiuchague.

Tuanze na neno lenyewe. Wenye taaluma wanaita vitu hivi "maudhui." Maudhui ni neno baridi. Linafaa kwa kitu ambacho hakina mwenyewe. Lakini mtu akikupa sauti ya babu yake, au shairi lake la kwanza, au picha pekee ya mama yake akiwa msichana, kwa Kiswahili chetu hajakupa maudhui, amekupa amana. Amana ina masharti yake yanayojulikana tangu utotoni: huichezei, huipotezi, na mwenyewe akija kuidai unaitoa. Mfumo wa kompyuta wa kutunza amana unachaguliwa kwa vigezo tofauti kabisa na mfumo wa kuonyesha maudhui.

Na Namtumbo tunajua kutunza amana kwa maandishi. Mkulima wa ufuta akipeleka gunia kwenye chama cha ushirika, haliachi hivi hivi. Linapimwa, linaandikwa, linaingia ghalani, na mzigo wake unakuwa na stakabadhi inayosema ni kiasi gani na ni wa nani. Watu wanalalamika kuhusu stakabadhi ghalani, tena sana, hasa malipo yakichelewa. Lakini sijasikia mkulima anayesema karatasi iondolewe. Karatasi ndiyo inayompa nguvu ya kulalamika. Sasa mzee yule alitupa dakika 40 za maisha yake na hatukumpa hata kipande cha karatasi. Gunia la ufuta lina heshima kuliko tulivyomheshimu yeye.

Hapo ndipo ninapogombana na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mafundi wanaotaka kujenga kila kitu tangu mwanzo. Nawaelewa. Wengi ni rafiki zangu, wana akili, na wanaona aibu kutumia mfumo ambao hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuufungua. Hoja yao ni kwamba mfumo wa kujengewa unakukaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chako. Ni kweli. Lakini nguo ya kushonewa ikichanika, fundi mwingine yeyote sokoni anaweza kuishika sindano. Mfumo wa mtu mmoja ukichanika, unamtafuta mtu yule yule. Mwanafunzi anayejenga mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya kijiji anajijengea kazi ya kuonyesha kwenye wasifu wake, na kijiji kinalipa gharama. Afadhali aseme hivyo waziwazi.

Kundi la pili linasema tovuti za nini, watu wako WhatsApp na Facebook, fungua kundi mambo yaishe. Hawa wana ukweli mmoja ambao mafundi hawataki kuusikia: mzee wa Namtumbo hatafungua akaunti kwenye tovuti yako. Hatakumbuka nenosiri, hana barua pepe, na fomu yako yenye vyumba vinane itamchosha kabla ya chumba cha tatu. Atabonyeza kitufe cha sauti kwenye simu ya mjukuu wake na ataongea mpaka atakaporidhika. Kwa hiyo WhatsApp ni mlango mzuri sana. Ila mlango si ghala. Ujumbe unapita juu, unafunikwa na salamu za asubuhi na picha za maua, simu inaibiwa standi, na vilivyokuwemo vinaondoka nayo.

Tena majukwaa makubwa hufa, au huamua kwamba vitu vyako vimechosha. Yahoo ilinunua GeoCities mwaka 1999, wakati huo mamilioni ya watu wa kawaida wakiwa wamejenga kurasa zao mle ndani. Oktoba 2009 ikaifunga. Kilichookolewa kiliokolewa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea waliokesha wakinakili. MySpace mwaka 2019 ilikiri kwamba ilipohamisha mitambo yake ilipoteza nyimbo na picha ambazo watu walikuwa wameziweka kwa miaka 12 hivi, nyimbo zaidi ya milioni 50. Hiyo ilikuwa kampuni yenye wahandisi na fedha. Anayeniambia amana za wazee wa Ruvuma ziko salama kwenye kundi la WhatsApp lenye wasimamizi watatu, wawili kati yao hawaongei, namuomba anieleze taratibu.

Kundi la tatu ndilo kubwa zaidi, nalo linachagua kwa ukubwa. Linataka mfumo wenye kila kitu, hata kama hawatagusa robo yake. Nawaita wanunuzi wa jumla.

Neno hilo lina historia ya kuchekesha. Mwaka 2005 kulikuwa na mfumo maarufu uitwao Mambo. Agosti ya mwaka huo wajenzi wake wakagombana na kampuni ya Australia iliyokuwa ikimiliki jina, wakaondoka kwa pamoja, na Septemba wakatoa mfumo wao uliotokana na ule ule. Wakauita Joomla. Ni neno letu, jumla, lililoandikwa ili Mwingereza alitamke sawasawa, wakimaanisha sote kwa pamoja. Drupal nayo ina hadithi inayotugusa. Dries Buytaert, mwanafunzi wa Antwerp nchini Ubelgiji, alikuwa na kijitovuti cha habari za rafiki zake wa bwenini. Alipotaka kukisajilia jina alikusudia kuandika neno la Kiholanzi linalomaanisha kijiji, vidole vikateleza likatoka neno tone, akaona tone linapendeza zaidi. Jina la Drupal likatoka kwenye tone hilo. Kwa hiyo mifumo miwili kati ya mikubwa duniani mmoja unaitwa jumla kwa Kiswahili, na mwingine ulikaribia kuitwa kijiji. Ukiisikia hivyo utadhani ilitengenezwa kwa ajili yetu.

Haikutengenezwa kwa ajili yetu. Drupal ni hodari. Ukiwa na wizara, chuo kikuu, au gazeti lenye mafundi wa kudumu, itakufanyia mambo ambayo mingine haiwezi. Lakini toleo la 7, ambalo maelfu ya tovuti zilisimama juu yake kwa zaidi ya miaka 10, lilikoma kutunzwa tarehe 5 Januari 2025, na kutoka pale kwenda matoleo mapya hakukuwa kupandisha ngazi moja, kulikuwa karibu sawa na kujenga upya. Chuo kikuu kinaweza kulipia ujenzi huo. Kikundi cha Namtumbo chenye akiba kwenye kibubu cha M-Pesa hakiwezi. Mfumo uliouchagua kwa sababu ya ukubwa unakuja na madeni ya ukubwa huo huo.

Duka la jumla na duka la rejareja yana maarifa tofauti. Mwenye duka la jumla anajua mizigo na malori. Mwenye genge anajua kwamba mama fulani hununua mafuta ya kupima jioni na hulipa Ijumaa. Habari zinazotumwa na watu zinakuja rejareja. Leo sauti ya dakika 6, kesho karatasi ya daftari iliyopigwa picha kwenye kivuli, wiki ijayo hakuna kitu, halafu msiba mmoja unaleta watu wanane kwa siku moja. Anayezipokea lazima awe na maarifa ya genge. Ndiyo maana nasema kabla hujachagua mfumo mchague karani, kisha mfumo umfuate karani.

Sisemi jambo jipya. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilituma wanafunzi wakati wa likizo kwenye sehemu zilizopigana vita vya Maji Maji, ili wawahoji wazee waliokuwa bado hai. Walirudi na maandishi. Yalikusanywa mwaka uliofuata, na hadi leo mtafiti anaweza kuyasoma maktabani. Ile ilikuwa kazi ya kupokea simulizi za watu, na mfumo wake ulikuwa karatasi, mtu wa kuandika, na rafu yenye mwenyewe. Huku kwetu, ambako Kitanda wanamkumbuka Mkomanile aliyenyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na wanaume wa Ungoni, kazi ile ingeweza kuendelea. Sisi wenye simu janja tulirekodi zaidi ya wale wanafunzi na tukatunza pungufu yao. Karatasi zao zina zaidi ya miaka 50. Tovuti yetu haikufika mitano.

Angalia pia Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya na kutumika duniani kote. Mwisho wa 2007, baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye mtandao, na watu wakaanza kumletea taarifa za vurugu za mitaani kwao. Zikawa nyingi kuliko uwezo wa mtu mmoja, akaomba msaada wa wataalamu, na Januari 2008 ndani ya siku chache wakajenga ramani ambayo mtu aliweza kuitumia taarifa kwa wavuti, barua pepe au ujumbe wa simu, na taarifa hukaguliwa. Angalia mpangilio. Kwanza kulikuwa na mtu anayepokea, anayesoma, anayeamua kipi kiingie. Mfumo ulikuja baadaye, kumpunguzia mzigo mtu huyo. Sisi tunanunua mfumo kwanza, halafu tunakaa kusubiri mtu atokee.

Na David Kobia, mmoja wa waliojenga ramani ile, alikuwa na somo lingine mkononi. Alikuwa mwenye Mashada, uwanja mkubwa wa majadiliano wa Wakenya mtandaoni. Wiki zile zile chuki za kikabila zilifurika humo kiasi kwamba hakuweza kuzidhibiti, akaufunga. Hakuufunga kwa sababu programu iliharibika. Programu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri mno, inapokea kila kitu.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo vikao vyetu hulikwepa: anayepokea maneno ya watu anabeba pia hatari zao. Nchini kwetu hili halina nadharia. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa sababu mtandao wake haukutoa taarifa za watu waliokuwa wameandika humo. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: ombi la leseni shilingi 100,000, leseni shilingi milioni 1, ada ya mwaka milioni 1 nyingine, na wajibu wa kuondoa kilichokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ililazimika kusitisha huduma kwa muda. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo na ada zimeshuka, na tangu Mei 2023 kuna pia sheria ya kulinda taarifa binafsi inayokuhusu ukishakusanya majina na namba za simu. Lakini somo halijabadilika. Kila chumba unachoongeza kwenye fomu, jina kamili, namba, kijiji, tarehe ya kuzaliwa, ni kitu ambacho siku moja mtu anaweza kuja kukidai kwako. Mifumo mingi huhifadhi barua pepe na anwani ya mtandao ya mtumaji bila wewe kuomba. Basi chagua mfumo unaokuruhusu kutokusanya. Usichokuwa nacho huwezi kulazimishwa kukitoa.

Utaniuliza, basi ni upi? Nitajibu, ingawa jibu langu litawaudhi marafiki zangu mafundi. Ni WordPress, mikono mitupu, bila mbwembwe.

Naijua aibu yake. Ilianza 2003, imeenea kila kona, na wadukuzi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Sipendi kwamba maandishi mengi ya ndani yanamlazimu karani ajue Kiingereza. Kwa hilo MediaWiki, mfumo wa Wikipedia, inaishinda, kwa kuwa wenye kujitolea wameitafsiri sehemu kubwa kwa Kiswahili, na Wikipedia ya Kiswahili imesimama juu yake tangu 2003. Lakini wiki imejengwa kwa maarifa ambayo kila apitaye anaweza kuyasahihisha, na ushuhuda wa mzee hausahihishwi na mpita njia. Kama alisema kuni za aina fulani zinaharibu jani, hayo ni maneno yake, yabaki yake.

WordPress ina ngazi za watu ambazo zimefikiriwa vizuri. Aliye mchangiaji anaandika lakini hachapishi. Kazi yake inasubiri mhariri aisome. Mpaka picha hawezi kupakia usipomruhusu. Watu hulalamikia kikwazo hicho, mimi nakiona ni kizingiti cha nyumba yenye adabu. Tena fundi yeyote wa Songea, Mbeya au Mtwara anaijua, kwa hiyo akiondoka mmoja unamwita mwingine. Hiyo ndiyo sindano ya sokoni.

Lakini msiipende kipofu. Faili linalotoka ukibonyeza kitufe cha kuhamisha vitu lina maandishi, na kwa picha na sauti lina anwani za mahali zilipo tu. Ukienda kufungua faili hilo kwingine huku tovuti ya zamani imeshakufa, utapata habari zenye mashimo. Sauti zote zitakuwa zimebaki kaburini. Wengi hugundua hili wakati wameshachelewa. Kwa hiyo folda ya picha na sauti nakili peke yake, kwa mkono, kila mwezi. Na plagini, hata za bure, zina wenyewe. Oktoba 2024, katika ugomvi wa wakubwa, plagini iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 2 ilichukuliwa na wasimamizi wa hazina ya WordPress na kubadilishwa jina. Kila plagini unayoongeza ni mtu mwingine anayeshika ufunguo wa ghala lako. Sisi tulijipa ukomo wa plagini nne.

Maana tumeanza tena. Karani ni binti wa shangazi yangu, mwenye steshenari karibu na standi. Ukifikiri vizuri, steshenari ndiyo imekuwa mahali pa kupokea maneno ya watu Namtumbo kwa miaka mingi. Watu huja hapo kuandikiwa barua za maombi, malalamiko ya mipaka ya shamba, maneno ya kusoma kwenye mahafali. Mtu anasema, yeye anachapa, anamsomea, mtu anasema hapana hapo sikusema hivyo, anarekebisha. Nilimfanyia mtihani kabla ya kuchagua chochote. Nilimpa habari moja yenye picha na sauti, nikamwambia aiingize kwa simu yake, si kwa laptopu yangu, kwa bando lake la siku hiyo. Mfumo wa kwanza ulimshinda kabla hajafika kwenye picha. Wa pili, ambao mimi ndiye niliyekuwa nikiupigia debe, ulimtaka asasishe kitu ambacho hata mimi sikukijua. Wa tatu alimaliza, akalalamika vitufe ni vidogo, akauliza, "Sasa huyu mtu akitaka nimfutie, nabonyeza wapi?" Hilo swali halikuwa kwenye orodha yangu ya vigezo, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma uzamili.

Jina la tovuti tumelilipia miaka kadhaa mbele, limesajiliwa kwa jina la kikundi. Nenosiri liko kwenye bahasha mbili, moja kwa mweka hazina, moja kwa mama mmoja asiye na simu janja kabisa, ambaye tulimchagua kwa sababu hajawahi kupoteza kitu cha mtu. Kila mwezi vyote vinashushwa kwenye flashi mbili, sauti kama sauti, maandishi kama kurasa za kawaida ambazo kompyuta yoyote itazifungua bila kuuliza mfumo. Na kila anayetoa kitu anapewa karatasi: tarehe, namba, dakika ngapi, nani amepokea, na kama ameruhusu jina litajwe. Mwenye memori kadi anawekewa nakala yake hapo hapo.

Nilirudi kwa yule kijana. Ilinichukua miezi mitano kupata uso wa kwenda. Nilimweleza kwamba siku ile mtandao haukuwa unasumbua, kwamba sauti ya babu yake imepotea, na kwamba tuliipoteza sisi, mimi nikiwemo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema shangazi yake, binti mkubwa wa mzee, alikuwa akimsaidia babu kwenye bani tangu mdogo na anazijua zile kuni zote, twende tukamsikilize kabla ya msimu.

Akanifuata hadi barabarani. "Ila safari hii, dada," akasema, "mtuandikie."